Nambari Nane Anakuja

Wazee watano wamesimama kwenye uwanja wa mpira wa shule ya msingi, hapa Mkolani, na karibu kila mmoja yuko peke yake. Mzee Oluoch yuko mwanzo, jirani na goli la upande wa barabara. Mzee Obedi yuko mbele kidogo. Wawili wako katikati ya uwanja, na wa tano yuko kule mwisho kabisa, chini ya jiwe kubwa, mbali kiasi kwamba akikohoa unamwona tu bila kumsikia. Wote wamevaa suruali za kaki na mashati meupe. Wametazama upande mmoja, na upepo wa Julai unawapulizia vumbi usoni. Mgeni akipita barabarani atadhani wamegombana.

Hawajagombana. Wako kwenye mstari. Mwaka wa vita vya Kagera, walipokuwa vijana wa mgambo, walipangwa kwenye uwanja huuhuu kusubiri malori ya kuwapeleka bandarini, wakapande meli ya Bukoba na kuendelea mbele. Walikuwa karibu sitini, kila mmoja umbali wa mkono kutoka kwa mwenzake. Tangu waliporudi, kila Siku ya Mashujaa hujipanga vilevile. Aliyekufa, awe alifia vitani au kitandani kwake, nafasi yake huachwa wazi na hakuna anayesogea kuiziba. Ndugu zake husimama nyuma ya nafasi hiyo, wala hawaikanyagi. Kwa hiyo watu wanazidi kupungua, lakini mstari ni mrefu kama ulivyokuwa siku ya malori.

Hawana bendi wala hotuba. Wanahesabu tu. Mzee Oluoch, mwenyekiti wao, ndiye nambari moja na ndiye anayeita. Aliye hai anajibu, "Nipo." Nambari ya marehemu ikiitwa, uwanja mzima hunyamaza kiasi cha pumzi moja, ndipo inafuata nyingine. Wakimaliza wanakunywa chai kwa mihogo ya kuchemsha, wanataniana kuhusu magoti yao, kisha kila mtu anarudi kwake. Mtaani tunawaita Wazee wa Mstari.

Mara ya kwanza kuwaona nilikuwa darasa la pili. Walimu walitusimamisha pembeni ya uwanja na sare zetu, wakatuambia atakayecheka atakiona. Wakati huo wazee walikuwa bado wengi, na hawakuwa wazee sana. Tulivumilia vizuri hadi Mzee Oluoch alipoita, "Nane!" Nikasubiri kusikia "Nipo," au kusikia kimya. Badala yake Mzee Oluoch akajijibu mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya kawaida kabisa.

"Anakuja."

Nikageuka kutazama barabarani. Nani asingegeuka? Hakukuwa na mtu, ila mama mmoja aliyekuwa akiswaga mbuzi wake. Wakaendelea na tisa, ambayo ilikuwa kimya, na kumi, na mimi shingo bado iko barabarani. Mwaka uliofuata ikawa hivyohivyo. Mwaka wa tatu nilihakikisha nimesimama mahali ninapoiona barabara bila kugeuka, lakini nambari nane hakutokea.

Mimi ni mdadisi. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nilizaliwa nikimuuliza mkunga jina lake. Nikamuuliza mwalimu nambari nane ni nani, akaniambia nikamalizie hesabu zangu. Nikamuuliza baba, aliyekuwa ameinamia gurudumu la mtu akiziba pancha. Hakuinua kichwa. Alisema, "Ni mtu aliyechelewa," kisha akaniomba nimpe kipande cha msasa.

Baba yangu, Malimi, alikuwa fundi baiskeli. Kibanda chake hakikufungwa hata siku ya mvua, isipokuwa Siku ya Mashujaa. Siku hiyo aliondoka alfajiri kwenda Butimba, kule ufukweni, na jioni alirudi na sato mmoja mkubwa ananing'inia kwenye usukani. Katika utoto wangu siku ya mashujaa ilikuwa siku ya harufu ya sato anayekaangwa. Haikunijia kabisa kuuliza kwa nini mtu mwenye soko mlangoni aende kutafuta samaki mbali hivyo, tena siku hiyo moja tu katika mwaka. Ya watu nilikuwa nayauliza, ya nyumbani kwetu nilikuwa nayala na ugali.

Nilipokua nikawa fundi cherehani, na Wazee wa Mstari wakawa wateja wangu. Kila Julai ikianza huniletea suruali zao za kaki nizipunguze kiuno. Fundi anawajua watu kwa namna yake. Nilijua nani anapungua kwa maradhi na nani anapungua kwa upweke tangu mkewe atangulie, kabla majirani hawajaanza kunong'ona. Mzee Obedi peke yake ndiye niliyewahi kumwongezea kitambaa, na alijisifu kwa jambo hilo mtaa mzima.

Mwaka jana Mzee Oluoch alikuja na ya kwake. Ni Mjaluo, kwao Rorya, lakini amekulia hapahapa, na mimi huniita nyar Malimi, yaani binti wa Malimi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, nyar Malimi. Baba anaendeleaje?"

Baba hakuwa anaendelea vizuri. Moyo wake ulikuwa umechoka, miguu inavimba, na kutoka chumbani hadi uani ilikuwa lazima apumzike njiani. Kibanda tulishakifunga. Nilimjibu mzee kwamba tunamshukuru Mungu, maana ndivyo watu wanavyojibu. Kisha nikamzungushia futi kiunoni, na kwa kuwa nilikuwa nimemshika na hawezi kunikimbia, nikamuuliza swali langu la darasa la pili.

"Mzee, nambari nane ni nani?"

Alinitazama kupitia kioo changu cha ukutani. "Hujui kweli?"

"Ningejua ningeuliza?"

"Ni baba yako."

Nilikuwa na pini mdomoni. Nilizitema mkononi moja moja, taratibu, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. Mzee Oluoch akaketi kwenye kiti cha wateja, suruali ikiwa bado imebanwa pini upande mmoja, akanieleza.

"Siku ya kuondoka tulikuwa tumeshapangwa. Afande anahesabu. Akaita nane, Malimi hayupo. Nambari tisa alikuwa Mihayo, rafiki yake tangu wakichunga ng'ombe. Mihayo ndiye akajibu, 'Anakuja.' Afande akasubiri kidogo, akaona haji, tukapanda malori."

"Baba alikuwa wapi?"

"Hilo muulize mwenyewe. Mimi sijawahi kumuuliza."

"Na Mihayo?"

"Mihayo tulimzika kulekule." Alikuwa akilainisha goti la suruali kwa kiganja, ingawa halikuwa na mkunjo. "Sasa fikiria. Tumerudi, tunajipanga mara ya kwanza, mimi naita nane. Niseme nini? Mihayo alishajibu. Ni neno alilotuachia kwenye uwanja ule. Kati yetu hakuna aliyeona ana haki ya kulifuta. Basi nalisema mimi kwa niaba yake. Watu wanafikiri tunamsubiri baba yako. Tunamtunzia Mihayo neno lake."

Nje, mtu alikuwa anapigia honi ng'ombe waliokaa barabarani. Mzee Oluoch akasubiri kelele ziishe, akasema lile ambalo nadhani ndilo lililomleta, maana kiuno cha suruali yake hakikuhitaji hata inchi moja.

"Lakini mtu akifa huwezi kusema anakuja, binti yangu. Na kimya chetu ni cha mtu aliyewahi kujibu, hata mara moja. Baba yako hajawahi kusimama pale. Mungu akimchukua kabla hajasimama, itabidi niiruke nambari yake. Nitaita saba, kisha tisa. Usiku nalala naifanyia mazoezi, na ulimi unakataa."

Saba, kisha tisa. Mchana kutwa cherehani ilikuwa inayasema hayo. Niliogopa kuliko nilivyoogopa daktari aliponiambia habari za moyo wa baba, kwa sababu kufa ni njia ya wote, lakini huku kurukwa sikujua ni njia ya nani.

Jioni nilimkuta baba uani, miguu ameiinua juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nilikaa chini kwenye mkeka, nikamwambia najua nambari nane ni nani. Aliangalia kuku wetu wakigombania maganda. Nilidhani ataniomba kipande cha msasa.

"Bibi yako alikuwa amempoteza Ngosha," alisema. "Kaka yangu. Ziwa lilimchukua mwaka mmoja kabla. Asubuhi ya kuondoka akaniambia niingie ghalani nimtolee mtama wa kunipa njiani. Nilipoingia akafunga mlango kwa nje, akaegesha kinu, akakikalia."

"Akakikalia?"

"Na mchi mkononi. Mlango wenyewe ulikuwa wa mabanzi. Ningeupiga teke moja ukaanguka. Lakini ungemwangukia mama." Akapumua kidogo. "Nilisikia malori yakipita. Nilimsikia na yeye analia. Jua lilipoanza kushuka akafungua mwenyewe, akanipa ule mtama. Nikaenda bandarini kwa miguu, meli imeshaondoka."

Aliondoka na meli iliyofuata, ya mizigo. Bukoba wakampa kazi ya kupakua magunia, kisha akapanda malori ya chakula, na kila aliposhuka aliulizia vijana wa Mkolani. Alipowapata, udongo juu ya Mihayo ulikuwa bado mbichi.

"Kwa hiyo ulifika, baba," nikasema.

"Nilifika."

"Basi kwa nini usisimame?"

"Aliyesema nakuja hakuniona nimekuja." Alisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza kwa nini baiskeli fulani haitengenezeki. "Nikamwambie nani 'nipo'? Oluoch? Oluoch sikumchelewesha mimi."

Nikamwambia habari ya saba na tisa. Nilitegemea ashtuke. Alisema tu, "Waache waruke," akaniomba maji ya kunywa.

Nilimkasirikia. Nasema kweli, nilimpa yale maji nikiwa nimekasirika, na usingizi sikuupata. Wengine wangeita mchungaji aje kuzungumza naye. Mimi nilichukua kitambaa cha kaki kilichobaki, nikamshonea suruali. Sikumpima, nilimkadiria kwa macho akiwa amelala kwenye kiti chake, na nilivipa vifundo vya miguu nafasi kwa ajili ya uvimbe. Nikaipiga pasi nikaiweka kwenye mkono wa kiti.

Aliiona, akaigeuza ndani nje. Alipitisha kidole kwenye mshono wote, toka kiunoni hadi pindo, kama alivyokuwa akipitisha kidole kwenye mpira kutafuta palipotoboka.

"Ya nani hii?"

"Ya nambari nane."

"Umeshona vizuri," akasema. Akaikunja akanirudishia. Nikairudisha kitini. Ikakaa pale siku zote zilizobaki, na tukawa tunapishana nayo wote wawili bila kuitaja.

Siku ya Mashujaa niliondoka mapema, Mzee Obedi alikuwa ananisubiri nimshonee kifungo kilichomtoka kwa kujisifu. Baba alikuwa bado amelala, au amefumba macho. Butimba asingeweza kwenda, hilo nililijua. Nikasema moyoni, basi leo hata sato hatuna.

Uwanjani nilisimama upande wa ndugu, nyuma ya mstari, bila mahali maalumu. Karibu nami alikuwa bibi Evelina, dada yake Mihayo. Anakuja kutoka Kisesa kila mwaka na mwavuli mweusi, na husimama nyuma ya nafasi ya tisa kana kwamba amewekwa zamu. Tulikuwa tunasalimiana miaka yote. Siku hiyo niliona haya kumtazama.

Mzee Oluoch akaamuru, "Mguu sawa!" na magoti yakaitika kwa kadiri yalivyoweza. Akaanza kuhesabu. Moja alijijibu. Mbili kimya, tatu kimya, na kuendelea, pumzi baada ya pumzi, hadi saba.

"Nipo," alisema Mzee Obedi.

"Nane!"

Nikainamisha kichwa kulisubiri lile neno. Halikuja. Nilipoinua macho, Mzee Oluoch alikuwa amefungua mdomo na anatazama kule mwisho wa mstari, kwenye jiwe kubwa, ambako kuna njia ya kutokea kwetu. Nimemjua mzee yule maisha yangu yote na sikuwahi kuona uso wake ukiwa vile.

"Anakuja," alisema, na sauti ikamkatika katikati ya neno.

Safari hii uwanja mzima uligeuka. Baba alikuwa anatokea nyuma ya jiwe akisukuma baiskeli yake kuukuu, ameiegemea mwili mzima, maana ilimfaa kuliko mkongojo. Alikuwa amevaa suruali ya kaki. Alisukuma kidogo akasimama, akapumua, akasukuma tena. Niliona pindo halijagusa vumbi, urefu nilikuwa nimeupatia. Nikataka kukimbia nimshike, lakini mkono mkavu ulinikamata juu ya kiwiko.

"Mwache aje," alisema bibi Evelina.

Alikuja kwa kuufuata mstari, toka mwisho wake. Alipompita mzee wa chini ya jiwe, yule mzee alijinyoosha akakaza mikono. Kisha zikafuata nafasi tupu, na baba hakuikata hata moja. Alizipita zote kwa mbele, na kila alipopumzika alipumzika mbele ya mtu fulani asiyekuwepo, akiinamisha kichwa kidogo. Ilichukua muda mrefu. Mzee Oluoch hakuita nambari nyingine, na watoto wa shule waliokuwa pembeni hawakucheka.

"Kawia ufike," alisema Mzee Obedi kwa sauti ya chini baba alipokaribia, na hakuna aliyejua kama anatania.

Baba alinipa baiskeli bila kunitazama. Akaingia kwenye nafasi yake. Hakuhitaji kuonyeshwa.

"Nane!" aliita tena Mzee Oluoch.

Baba hakumjibu. Aligeuka upande wa kushoto, kwenye nafasi ya tisa, akainua macho kidogo, kwenye kimo ambacho uso wa kijana mrefu ungekuwa.

"Mihayo," alisema. "Nimefika."

Upepo ulikuwa unacheza na mwavuli. Bibi Evelina aliukunja, akaushusha chini, akamwangalia baba juu ya ile nafasi iliyokuwa kati yao.

"Umechelewa, kaka."

"Nimechelewa, dada. Mama alinikalia mlangoni."

"Tulisikia," alisema bibi Evelina. "Mihayo angekusubiri tu. Alikuwa mtu wa kusubiri."

Baba akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi, zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akageuka mbele, akamwambia Mzee Oluoch, "Nipo." Mzee Oluoch akaita tisa, tukanyamaza wote, na baba akanyamaza pamoja na wenzake kwa mara ya kwanza. Nililia bila kujificha. Siku hiyo tulikunywa chai kwa mihogo, na sato hakuna aliyemkumbuka.

Baba alifariki mwezi wa tatu mwaka huu. Tulimzika na ile suruali. Nilikuwa nimeipunguza kiuno mara moja tena, nikiwa peke yangu dukani na mlango nimeufunga.

Na leo wazee watano wamesimama uwanjani, na mimi nina mahali pa kusimama. Mbele yangu kuna nafasi ya mkono mmoja yenye majani makavu na kifuniko cha soda. Bibi Evelina amenisogezea mwavuli wake utufunike wote wawili. Mzee Oluoch ameshafika saba, na Mzee Obedi amejibu.

"Nane!"

Najua kitakachofuata. Hata hivyo shingo yangu, kwa mazoea ya darasa la pili, inageuka kutazama barabarani. Mama mmoja anapita na mbuzi wake. Hakuna anayesema kitu. Pumzi moja inapita, yote, bila haraka, kisha Mzee Oluoch anaita tisa.